Ua la Kengele Katika Nchi ya Embu na Meru

Barabara itokayo Embu kwenda Meru haiupandi Mlima Kenya wala haiuachi. Huupita ubavuni, mlima ukiwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia nchi ikiteremka hata joto la Mbeere na Tharaka. Huvuka mito mingi, Ena, Thuchi, Nithi, Mutonga na mingine midogo, na kila mto umechimba bonde lake, hata gari hushuka na kupanda njia nzima. Madereva hawalipendi bonde la Nithi, kwa maana watu wengi wamekufa pale. Lakini kwa mtu apendaye mimea njia hii ina faida kubwa. Akitaka hewa nyingine hana haja ya safari ndefu: akigeuka kushoto na kupanda kwa miguu, muda si mrefu hutoka kwenye kahawa akaingia kwenye chai, na juu ya chai ni msitu.

Sehemu hii ya nchi, iliyokuwa chini ya wilaya mbili tu katika miaka ya 1950, tangu 2013 ina kaunti tatu, yaani Embu, Tharaka-Nithi na Meru. Sifa yake kwa wageni ni kahawa, chai na miraa. Maua hayatajwi. Hata hivyo ni nyumba chache za huko juu zisizokuwa na makopo ya Kimbo, madebe ya mafuta na sufuria zilizotoboka, zimepangwa ukutani penye kivuli cha paa, na ndani yake mna maua. Waume huyaita mambo ya wanawake. Pengine ndiyo sababu hayakuandikwa katika taarifa za kilimo, ingawa utunzaji wake unataka akili ileile itakiwayo katika kitalu cha chai.

Miongoni mwa maua hayo limo moja lipendalo sana baridi ya mlima, nalo ni fuksia. Ua lake huning'inia kichwa chini kama kengele. Majani ya nje ya ua hukunjuka kama mikono ya kanzu, na ya ndani hukusanyika kama marinda ya gauni, mara nyingi rangi ya nje na ya ndani zikiwa mbalimbali: nyekundu na zambarau, au nyekundu na nyeupe. Katikati hutoka nyuzi ndefu. Ndege chozi hulijua upesi, hulijia asubuhi na kutia mdomo ndani.

Fuksia si mwenyeji wa Afrika. Padre mmoja Mfaransa, Charles Plumier, aliliona katika kisiwa cha Hispaniola mwishoni mwa karne ya 17, akaandika habari zake mwaka 1703 na kuliita kwa jina la Leonhart Fuchs, tabibu wa Kijerumani aliyekuwa amekwisha kufa tangu 1566. Jamaa zake wengi, zaidi ya aina mia moja, hukaa katika milima ya Amerika ya Kusini, wachache New Zealand, na mmoja Tahiti. Hapa mtu apaswa kutazama ramani. Mstari wa Ikweta upitao kusini kidogo ya mji wa Meru ndio uleule upitao nchi ya Ecuador, na huko fuksia za mwitu huota katika misitu yenye ukungu, juu milimani, mchana pasipo joto kali na usiku baridi. Msitu wa namna hiyo hauko mbali na mtu wa Chogoria au wa Manyatta. Basi ua hili liliposafiri likafika kwenye nyanda za juu za Kenya, lilikuta hewa iliyofanana na ya kwao.

Mtu atakaye kujua kama litamfaa hana haja ya kipimo cha hewa. Atazame shamba lake. Penye chai fuksia husitawi hata mchana kweupe. Penye kahawa huhitaji kivuli, chini ya mgomba au upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri. Penye pamba na mtama asijisumbue, kwa kuwa mche utaangusha machipukizi yake kwa joto kabla hayajafunguka. Mji wa Embu wenyewe uko katika nchi ya kahawa, na wapandao fuksia pale wakaiweka juani kwenye changarawe huilaumu mbegu bure. Kwao iko jamii moja iliyo bora, ile iliyozaliwa kwa fuksia ya Hispaniola yenyewe. Maua yake ni membamba marefu kama mirija, ya rangi ya machungwa mabivu, na majani yake yamekoza. Kwa kuwa nyanya yake alitoka kisiwa cha joto, huvumilia jua kuliko wenzake. Aina iitwayo Thalia, iliyotolewa na Mjerumani Bonstedt mwaka 1905, ni ya jamii hiyo.

Kazi ya fuksia ni rahisi kwa mtu aliyezoea chai. Mbegu zake hazizai mfano wa mama yao, kwa hiyo hupandwa kwa kipandikizi, kijiti kibichi chenye jozi mbili au tatu za majani, kikatwacho chini tu ya kifundo. Hutiwa katika mchanga wa mto uliochanganywa na mboji, hufunikwa kwa karatasi ya nailoni ili unyevu usitoke, na katika majuma mawili hadi manne huwa na mizizi. Udongo wa kukuzia uwe mwekundu wa hapo hapo, samadi iliyooza vizuri na mchanga, na chini ya kopo lazima kuwe na matundu. Fuksia hupenda maji lakini hufa ikisimama ndani yake. Jambo linalowashinda wengi ni kubana ncha. Mche ukifikia jozi tatu za majani, ncha yake hubanwa kwa ukucha. Matawi yakitoka, nayo hubanwa. Mwenye huruma aachaye mche urefuke apendavyo hupata ufito mmoja wenye maua manne nchani, na jirani yake aliyebana mara tatu hupata kichaka kilichojaa.

Kwa vikapu vya kuning'iniza huchaguliwa aina zenye matawi malegevu. Mafundi wa jua kali hutengeneza vikapu vya waya kwa mtu ye yote aelezaye umbo alitakalo. Ndani hutandikwa kipande cha gunia au majani makavu ya mgomba, na kikapu kimoja huweza kuchukua miche mitatu hata minne, iliyoelekezwa kando. Kikapu hukauka upesi kuliko kopo, kwa sababu upepo hukipiga pande zote, na katika kiangazi cha Januari na Februari hutaka maji kila siku, pengine mara mbili. Katika miezi ya ukungu, Juni hadi Agosti, hatari ni nyingine: majani hupata kutu chini yake kama unga wa manjano, na hapo dawa ya kwanza ni kuchuma majani mabovu na kuvitenganisha vyombo ili hewa ipite. Inzi weupe huja wakati wo wote.

Wapelekao maua kwenye maonyesho ya kilimo wana hesabu moja ya kukumbuka. Tangu siku ya kubana ncha mara ya mwisho, fuksia yenye marinda mepesi hutaka karibu majuma manane kutoa maua, na yenye marinda mengi hutaka karibu majuma kumi. Katika Uingereza, ambako chama cha wapenzi wa fuksia kiliundwa mwaka 1938, watu huhesabu siku hizo kwa kalenda kama mtu angojaye posho. Huku Meru hesabu huweza kupotoka kidogo, maana siku zetu ni za saa kumi na mbili mwaka mzima, na baadhi ya aina zilizokuzwa kwa ajili ya kiangazi cha Ulaya hungoja siku ndefu zisizokuja. Aina mpya hujaribiwa kwanza katika kopo moja. Atakayenunua hamsini kwa kuwa picha ilikuwa nzuri ataweza kujikuta na majani hamsini.

Na aina mpya hazina mwisho. Mzalishaji hufungua ua changa, huondoa vichwa vya unga kabla havijapasuka, hupaka ncha ya kati unga wa ua lingine alilolichagua, kisha hulifunga kwa kitambaa ili mdudu asiharibu shauri lake. Tunda likiiva, tunda ambalo watoto huweza kulila pasipo kudhurika, mbegu hupandwa, na maua yakitoka karibu yote hutupwa. Moja katika mamia huachwa, hupandwa kwa vipandikizi miaka kadhaa, hupewa jina, na jina huandikwa katika daftari ya dunia nzima itunzwayo na chama cha fuksia cha Marekani kilichoanzishwa 1929. Kazi hii si ngeni kwa Kenya. Kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, mbegu zake hupatikana kwa unga kupakwa kwa mkono, ua kwa ua, na mikono iliyoifanya kazi hiyo ni ya watu wa nchi hii.

Hapo ndipo msafiri afikapo Chogoria anapopata jambo la kufikiri. Mji huu mdogo, uliokua kandokando ya misheni ya Waskoti iliyoanza 1922, ndio mlango wa njia ya kupandia mlima kwa upande wa mashariki. Katika msitu wa mlima, penye maji na kivuli, huota ua jekundu lenye mkia mrefu uliopinda, likining'inia juu ya shina laini lenye maji. Mgeni huweza kudhani ni fuksia iliyotoroka bustanini. Sivyo. Wataalamu huliita Impatiens fischeri, nalo ni la mlima huu na la milima ya Nyandarua tu. Vitumba vyake vya mbegu vikiiva hupasuka ukivigusa, na mbegu huruka mbali.

Ua hili lina ndugu aliyetajirisha watu wa mbali. Katika karne ya 19 John Kirk, balozi wa Uingereza kisiwani Zanzibari, alipeleka mbegu za impatiensi wa pwani ya Afrika ya Mashariki katika bustani ya Kew, London, na mwaka 1882 mtaalamu Hooker alilitangaza ua lake kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibari. Baadaye ilionekana kuwa ni mmea uleule uliokwisha kuitwa kwa jina la Horace Waller, mtu wa misheni. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Claude Hope, aliyekuwa na shamba la mbegu Costa Rica, alitoa aina zake fupi zenye maua mengi, na katika miaka iliyofuata likawa mojawapo ya maua yauzwayo kuliko yote kwa bustani na vikapu vya Marekani. Mkulima wa pwani ya Afrika ya Mashariki hakupata hata senti, wala hakuwapo mtu wa kumwambia kwamba jambo hilo linatendeka. Ndugu mwekundu wa Mlima Kenya bado yuko msituni. Msitu ni hifadhi, na kung'oa mche bila kibali ni kosa. Lakini kibali huombwa, na vituo vya uchunguzi wa kilimo viko, kimoja pale pale Embu. Kazi ya kujaribu kulifanya ua la kikapu ingefaa kufanywa na wenyeji kabla hajatokea mwingine.

Toka Chogoria njia huenda Nkubu, kisha Meru. Meru ni mji wa biashara kubwa, na kandokando ya barabara wapo wauza miche: parachichi, makadamia, mikahawa, na maua katika vifuko vyeusi vya nailoni. Kwa kijana asiye na shamba hii ni riziki nzuri, kwa maana kipande cha ardhi cha hatua kumi huweza kubeba miche elfu. Lakini ukimwuliza mwuzaji jina la ua huambiwa rangi yake tu, nyekundu au zambarau. Jina limepotea njiani. Jambo hili huonekana dogo, na zamani lilikuwa dogo kweli, kwa kuwa mama mmoja hukata kijiti akampa mwenziwe kanisani, na huyo akampa shemeji yake, na hakuna aliyedhulumiwa. Siku hizi jina la mmea ni kitu cha kujua, na sababu yake huonekana Timau.

Njia ya Timau hupanda toka Meru kuelekea kaskazini-magharibi hata Subuiga, ambapo hugawanyika: kulia ni Isiolo na jangwa, kushoto ni Timau na Nanyuki. Upande huu wa mlima ni mkavu. Mashamba ya ngano na shayiri hunyooka mpaka macho yachoke, na kati yake vimesimama vibanda vikubwa vya nailoni nyeupe, na ndani yake ni waridi. Kwa baridi ya huko, waridi hukua polepole, vichwa vikawa vikubwa na mashina yakawa marefu, na soko la Ulaya hulipa zaidi kwa hayo. Watu wengi wa Meru wamepata mishahara hapo. Maji ya mito ya kaskazini huwa shauri gumu wakati wa kiangazi, kwa kuwa mwenye waridi, mwenye viazi na mwenye ng'ombe wa chini wote hutazama mfereji mmoja, na mashamba yaliyochimba mabwawa ya kukinga mvua yamepunguza ugomvi kwa sehemu yao.

Karibu waridi zote hizo zina mwenyewe. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura 326, ilipitishwa mwaka 1972. Mwaka 1999 Kenya iliingia katika mapatano ya mataifa ya kulinda aina mpya za mimea, na mwaka 2016 ikakubali mapatano yenye masharti makali zaidi, yale ya 1991. Mtu aliyezalisha aina mpya hupeleka maombi kwa KEPHIS, shirika la Serikali la ukaguzi wa mimea, na aina yake ikionekana ni mpya, ni tofauti na nyingine, hufanana mche kwa mche, wala haibadiliki, hupewa haki juu yake kwa miaka iliyowekwa. Shamba likitaka kuipanda kwa biashara hulipa. Sehemu kubwa ya maombi ya maua, hasa ya waridi, imetoka kwa kampuni za ng'ambo.

Wazee wa Meru na Embu wana kumbukumbu ya ruhusa nyingine. Katika miaka ya 1930 wilaya hizi zilikuwa miongoni mwa zile za kwanza ambamo Mwafrika wa Kenya aliruhusiwa kupanda kahawa, tena michache na kwa uangalizi. Kabla ya hapo mche wa kahawa shambani mwake ungeng'olewa. Ruhusa ile ilitazama rangi ya mtu. Hii ya sasa hutazama nani aliyefanya kazi ya kuzalisha, nayo ina haki ndani yake, kwa kuwa mzalishaji ametumia miaka na fedha. Lakini anayeomba ruhusa ni mtu wa mteremko uleule, na anayeitoa bado yuko mbali, na hali hiyo haitabadilika mpaka majina ya wenyeji yaandikwe katika daftari ya wazalishaji.

Kwa mama mwenye makopo barazani sheria hii haina kitisho: mapatano ya 1991 yenyewe huacha nje mambo yafanywayo nyumbani pasipo biashara. Kwa kijana mwenye kitalu kando ya njia mambo ni mengine. Akikata vijiti vya aina mpya iliyolindwa akaviuza kwa mamia, amevunja haki ya mtu, ajue au asijue. Njia iliyo salama kwake si ngumu. Aina nyingi nzuri za fuksia ni za zamani, na hakuna awezaye kumdai kwa ajili yake: Marinka ya 1902, nyekundu tupu, ya kikapu, Dollar Princess ya 1912, fupi, ya kopo, Winston Churchill ya 1942, Swingtime ya 1950, nyekundu na nyeupe, yenye marinda mazito, Dark Eyes ya 1958. Mwenye kuandika jina kwenye kijiti cha mwanzi na kukichomeka katika kila kifuko atamwuzia mpeleka maonyesho na mwenye hoteli, ambao hawanunui “nyekundu” bali hununua kitu wanachokijua.

Hatari moja imebaki, nayo ni ya mizigo. Ndugu walioko Ulaya na Marekani hupenda kuleta kijiti ndani ya soksi. Uko utitiri mdogo usioonekana kwa macho, wenye asili ya Brazil, ambao ulifika California mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kufika Ulaya baada ya 2000. Huingia nchani mwa fuksia, majani huvimba na kukunjamana kama donda jekundu, na ua halitoki tena. Mche ulioshikwa hukatwa na kuchomwa moto, na dawa za dukani hazimfikii vizuri mdudu aliyejificha ndani ya uvimbe. Mmea wo wote utokao ng'ambo hutaka kibali cha KEPHIS kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya cha nchi utokako. Kibali hicho huombwa mbele, mche ukiwa bado kwa mwenyewe. Kwenye uwanja wa ndege wakati umekwisha kupita, na mzigo huchukuliwa ukaharibiwa.

Wakati ulio bora wa kukata vipandikizi katika mteremko wa mashariki ni mara baada ya mvua za Machi hadi Mei kupungua, asubuhi, mche ukiwa umeshiba maji. Vikatwapo wakati huo hupata mizizi kabla ya ukungu wa Julai kuwa mzito, na mvua za Oktoba zikianza, ambazo upande huu wa mlima huwa kubwa, miche huwa tayari kutiwa vikapuni.